Kujihoji bila kujihukumu: taamuli katika siku ya kawaida ya Bukavu

Watu wengi wa Bukavu wanaposikia habari za taamuli hujibu kwa hoja ambayo haistahili kudharauliwa, nayo ni kwamba jambo hilo ni la wenye nyumba kubwa na muda mwingi. Katika komini ya Kadutu, ambako nyumba zimebanana mlimani kiasi kwamba kikohozi cha jirani husikika ukiwa kitandani kwako, ambako vipaza sauti vya sala huanza kabla ya mapambazuko na ambako mama wa familia huwa ameshapanga bidoni zake kwenye foleni ya robine watoto wakiwa bado wamelala, ni vigumu kumwambia mtu akae kimya nusu saa nzima akifuatilia pumzi yake. Hata hivyo hoja hiyo inachukulia kwamba taamuli ni kujitenga na maisha. Ninataka kuichambua dhana hiyo, kwa sababu inawanyima watu wanaoihitaji zaidi kitu ambacho hakidai chumba wala fedha.

Mkanganyiko unaanzia hapa: mambo matatu yaliyo tofauti huitwa kwa jina moja. La kwanza ni kupumzika, yaani kuuacha mwili na akili vipoe baada ya kazi. La pili ni taamuli yenyewe, ambayo ni zoezi la usikivu: mtu anachagua kitu kimoja kilichopo sasa, kama vile pumzi, hatua za miguu au maneno ya sala fupi, anaiweka akili yake hapo, anagundua kwamba imetoroka, kisha anairudisha bila ugomvi. La tatu ni kujichunguza, ambako mtu haishii kutulia bali anauliza: ni nini hiki kinachotokea ndani yangu, kimemgusa nani, na huyo aliyeguswa anataka nini? Mtu anaweza kupumzika bila kufanya taamuli, na anaweza kufanya taamuli kwa miaka bila kujiuliza swali hata moja kuhusu nafsi yake. Lakini kujichunguza bila usikivu uliozoezwa ni kazi ngumu sana, kwa kuwa akili inayotangatanga haiwezi kukaa na swali muda wa kutosha hadi lijibiwe.

Kutangatanga huko si kasoro ya watu wachache wenye matatizo. Mwaka 2010 Matthew Killingsworth na Daniel Gilbert wa Chuo Kikuu cha Harvard walichapisha utafiti ambamo watu wazima 2,250 waliulizwa kupitia simu zao, katika nyakati zisizotabirika, walikuwa wakifanya nini na wakiwaza nini. Katika asilimia 46.9 ya nyakati hizo akili ya mhojiwa haikuwa kwenye jambo alilokuwa akilifanya, na kwa kawaida watu walikuwa na furaha ndogo zaidi akili zao zilipokuwa mbali kuliko zilipokuwa kwenye jambo walilolifanya. Wale waliokuwa wakiwaza mambo mazuri hawakuwazidi kwa furaha wale ambao akili zao zilikuwa palepale walipo. Karibu nusu ya maisha, basi, inapita mwenyewe akiwa hayupo, na hilo haliwezi kurekebishwa kwa nusu saa ya ukimya ikiwa saa zote zinazobaki zinaachwa zipotee kama zamani.

Walimu wa kale walilijua hilo. Katika maandiko ya Wabudha ya lugha ya Kipali, Satipatthana Sutta, mafunzo ya usikivu hayaishii kwenye kukaa na kufuatilia pumzi: mtawa anaelekezwa kuwa macho anapotembea, anaposimama, anapokunja na kunyoosha mkono, anapokula, anapozungumza, na hata anapokwenda haja. Mshairi wa jambo la juu asingetaja choo. Mwalimu anayetaka zoezi lienee katika siku nzima hana budi kukitaja.

Wala mtu wa Bukavu hahitaji kusafiri hadi Asia ili akutane na mapokeo haya. Wajesuiti, watawa wa Kikatoliki ambao mji unawajua hasa kwa shule yao ya Alfajiri, wamebeba tangu karne ya 16 zoezi linaloitwa uchunguzi wa dhamiri. Mwanzilishi wao, Ignatius wa Loyola, alikuwa askari wa Kihispania aliyevunjwa mguu na mzinga huko Pamplona mwaka 1521. Katika miezi ya kuuguza jeraha hilo alianza kufuatilia jambo dogo: kwamba ndoto zake za utukufu wa kijeshi zilimfurahisha alipokuwa akiziota lakini zilimwacha mkavu baadaye, ilhali mawazo ya kuwaiga watakatifu yalimwachia utulivu uliodumu. Kutokana na uangalifu huo alikuja kuandika Mazoezi ya Kiroho, ambayo Papa Paulo III aliyaidhinisha mwaka 1548. Uchunguzi wa kila siku ndani yake una hatua tano: kushukuru, kuomba mwanga, kuipitia siku saa kwa saa, kuomba msamaha, na kuazimia. Ninasisitiza kwamba shukrani ndiyo inayotangulia, kwa sababu waumini wengi tuliofundishwa jambo hili utotoni tulibakiwa na hatua ya nne peke yake. Na mwaka 1551, alipoulizwa kuhusu sala za wanafunzi waliolemewa na masomo, Ignatius hakuwaongezea saa za kutafakari. Aliwaelekeza wazoee kumtafuta Mungu katika mambo yote, katika mazungumzo, katika kutembea, katika kuona, kuonja na kusikia.

Waislamu wa mji wetu nao wana neno lao, muhasaba, yaani kuihesabia nafsi. Al-Muhasibi, mwanachuoni wa Baghdad aliyefariki mwaka 857, alipata jina lake kutokana na zoezi hilo, na karne mbili baadaye mwanachuoni Al-Ghazali alilipangia utaratibu katika lugha ambayo mfanyabiashara wa soko la Kadutu angeielewa mara moja: asubuhi unaiwekea nafsi masharti kama unayemkabidhi mshirika mtaji, mchana unamchunga, jioni mnakaa kufunga hesabu ili ijulikane faida ni ipi na hasara ni ipi.

Huko India Kusini kulikuwa na njia nyingine, iliyo kali zaidi kwa ufupi wake. Mwaka 1896, katika mji wa Madurai, kijana wa miaka 16 ambaye baadaye aliitwa Ramana Maharshi alishikwa na hofu ya kufa iliyomjia bila ugonjwa wowote. Badala ya kuikimbia, alilala chini kama maiti na kujiuliza ni nini hasa kinachokufa. Aliondoka kwao akaenda kuishi Tiruvannamalai hadi alipofariki mwaka 1950, na fundisho lake kuu lilikuwa swali moja: wazo lolote linapoinuka, uliza limemjia nani, jibu likiwa “mimi”, uliza huyo mimi ni nani. Watu wenye familia walipomwomba ruhusa ya kuacha kazi ili wafuate njia hiyo, kwa kawaida aliwaambia wabaki makwao, na yeye mwenyewe kwa miaka mingi alishiriki kukata mboga katika jiko la makazi yake.

Njia hizi hazifanani mwishoni, na si haki kuzichanganya ili kuwafurahisha wote. Ignatius na Al-Ghazali wanajichunguza mbele ya Mungu atakayewauliza. Ramana anatafuta asili ya yule anayeuliza. Wabudha wanafikia hitimisho kwamba huyo “mimi” wa kudumu hapatikani. Mkristo wa shirika la parokia hana sababu ya kuyakubali mafundisho ya watu wa mbali ili afaidike na uangalifu wao. Kinachowaunganisha wote ni kwamba walikataa kuiacha siku ipite bila kutazamwa.

Sasa tuje kwenye siku yenyewe. Chukua ujumbe unaoingia kwenye simu saa tatu usiku, umeme ukiwa umekatika, ukisema kwamba risasi zimesikika upande fulani wa mji na kwamba kila mtu awajulishe wenzake. Kabla hujamaliza kuusoma, kifua kimebana na kidole kiko tayari kuutuma katika makundi yote uliyomo. Hapa ndipo taamuli inapopata kazi, na kazi yake ni ya sekunde chache: kuhisi kile kifua kinachobana, kutoa pumzi taratibu kwa urefu unaozidi ule wa kuivuta, kwa kuwa mapigo ya moyo hupungua kasi mtu anapotoa pumzi, na kulitaja lililopo kwa jina lake: “hii ni hofu”. Mwaka 2007 Matthew Lieberman na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, walionyesha kwamba watu walipoitaja kwa neno hisia waliyoiona usoni mwa mtu kwenye picha, shughuli za amigdala, sehemu ya ubongo inayohusika na kung’amua hatari, zilipungua. Baada ya hapo kujichunguza kunaingia na maswali yake: je, ninajua jambo hili au nimelisoma tu? Ninapotaka kulituma, ninataka kumlinda nani, au ninataka tu mzigo wa hofu usiwe wangu peke yangu? Inawezekana kabisa habari ikawa ya kweli na hatua ikahitajika, na katika mji huu imekuwa hivyo mara nyingi. Tofauti ni kwamba atakayefunga mlango, atakayempigia dada yake simu au atakayekaa kimya atakuwa amechagua kufanya hivyo.

Mfano wa pili ni wa nyumbani. Mwalimu ambaye mshahara wake umechelewa anaporudi jioni, mtoto anamkumbusha kuhusu minervali, yaani ada ya shule, na baba anamfokea mtoto kwa ukali ambao hauna uwiano na swali aliloulizwa. Uchunguzi wa juujuu utaishia kusema kwamba ana uchovu, jambo ambalo ni kweli na halisaidii. Akilifuata swali la Ramana kwa hatua moja tu, hasira hii imemjia nani, atakuta kwamba haikumjia mwalimu wala mchovu. Ilimjia baba ambaye amejiona mbele ya mwanawe kama mtu asiyeweza. Kuna sura ya baba anayeweza kila kitu ambayo anaibeba, huenda aliirithi kwa baba yake, na mtoto ameigusa bila kujua. Kuiona sura hiyo hakumlipi mshahara, lakini kunaondoa hitaji la kuilinda kwa kelele, na hapo anaweza kumwambia mtoto maneno ya kweli: “Mwanangu, sijapata, na jambo hili linaniuma.” Ramana angetaka aende mbele zaidi, aulize ni nani anayeiona hata hiyo sura. Kwa maoni yangu, mtu aliyefika hatua hii ya kwanza jikoni kwake, mtoto akiwa mbele yake, amefanya kujichunguza kwa maana kamili.

Nyakati za namna hii hazitengenezwi. Zinangojewa, na maisha hayachelewi kuzileta. Zile zinazoweza kupangwa ni nyakati za mazoezi, na Bukavu inazitoa kwa wingi kuliko tunavyokiri: dakika za foleni ya maji, kupanda mlima kwa miguu kutoka Essence, muda wa motari, dereva wa pikipiki, anayengoja abiria Feu Rouge, sufuria ya sombe inayochukua muda wake bila kuharakishwa. Anayengoja anaweza kuhesabu pumzi hadi kumi na kuanza upya. Anayetembea anaweza kuhisi nyayo zikigusa ardhi. Aliye barabarani na chombo asifumbe macho wala asizame ndani. Usikivu wake uwe mikononi na mbele yake, na huo pia ni usikivu. Je, mazoezi haya ya vipande yanatosha bila muda maalumu wa kukaa? Kwa wengi hayatoshi kwa muda mrefu, kwa sababu ujuzi wa kuirudisha akili hujengeka vizuri zaidi pale ambapo hakuna kazi nyingine, na hata dakika kumi za alfajiri, ukiwa umeketi kitandani watoto wakiwa wamelala, humfanya mtu alikumbuke zoezi kwa wepesi mchana. Lakini asiyezipata dakika kumi asingoje apate nyumba nyingine ndipo aanze.

Kosa linalowaumiza watu wengi zaidi limejificha mahali pengine. Mtu akiambiwa ajichunguze, mara nyingi anachofanya ni kujihukumu: anarudia kosa lake, anauliza kwa nini yuko hivi, kwa nini yanampata yeye, kwa nini wenzake wamefanikiwa, na baada ya saa nzima anainuka akiwa mzito kuliko alivyoketi. Mwanasaikolojia Susan Nolen-Hoeksema, aliyefariki mwaka 2013, alitumia maisha yake ya kazi kuichunguza tabia hiyo ya kucheua huzuni. Alikuwa ameshawapima wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Stanford kuhusu namna wanavyozikabili huzuni zao pale tetemeko la ardhi la Loma Prieta lilipoipiga California tarehe 17 Oktoba 1989. Aliporudi kuwapima, wale waliokuwa tayari na mazoea ya kuzungukazunguka ndani ya huzuni kabla ya tetemeko walionyesha dalili nyingi zaidi za sonona wiki saba baadaye. Sisi tuliolipata tetemeko la tarehe 3 Februari 2008 hatuhitaji kuelezwa kwamba wote tulitikiswa siku moja lakini hatukutulia siku moja.

Mwanasaikolojia wa Uingereza Edward Watkins aliongeza ufafanuzi ambao ninauona kuwa wa manufaa makubwa kwa matumizi ya kila siku. Alionyesha kwamba kuwaza juu ya tatizo kunaweza kudhuru au kusaidia kutegemea sura ya mawazo hayo: yakiwa ya jumla na ya kutafuta maana na sababu, yanazama, yakiwa ya tukio mahususi na namna lilivyokwenda, yanafungua. Kwa hiyo yule mwalimu asijiulize kwa nini yeye ni baba mbaya, swali ambalo tayari limebeba hukumu ndani yake. Ajiulize ni neno gani lililotangulia, mwili ulihisi nini, alitaka nini wakati ule, na kesho swali lilelile likirudi atajibu vipi. Kipimo chepesi ni hiki: uchunguzi wa kweli huleta kitu ambacho hukukijua ulipoanza, ilhali kujihukumu hurudia hukumu uliyoijua tangu mwanzo. Ukijikuta kwa mara ya tatu kwenye sentensi ileile, acha, inuka, nawa uso, fanya kazi ya mikono. Kuacha hapo ni sehemu ya zoezi.

Kuhusu faida za kiafya, tahadhari inahitajika kwa sababu wapo wanaouza taamuli kama dawa ya kila kitu. Jon Kabat-Zinn aliingiza mazoezi haya hospitalini mwaka 1979, katika Chuo Kikuu cha Massachusetts, kwa mafunzo ya wiki kadhaa kwa wagonjwa wenye maumivu sugu, na tangu hapo majaribio yamekuwa mengi. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2014 ukikusanya majaribio 47 yenye washiriki 3,515 ulikuta nafuu ya kiasi katika wasiwasi, sonona na maumivu, bila kuona kwamba taamuli inazishinda tiba nyingine kama dawa au mazoezi ya mwili. Nafuu ya kiasi si jambo dogo kwa kitu kisichogharimu faranga, lakini anayemeza dawa asiziache kwa sababu yake.

Kwetu kuna tahadhari nyingine kubwa zaidi. Mtu aliyeyaona mapigano ya mwaka 1996, ya Juni 2004 au ya Februari 2025, au mwanamke aliyepitia ukatili ambao jimbo letu limeujua kwa miongo mitatu, anaweza kufumba macho kutafuta utulivu na badala yake akakutana na picha, sauti na harufu alizozikimbia. Moyo unaenda mbio, jasho linamtoka, au mwili unakufa ganzi. Huyo hajashindwa taamuli. Akili yake inamletea jeraha ambalo halikutibiwa. Afumbue macho, ataje vitu vitano anavyoviona chumbani, akanyage sakafu kwa nguvu, ashike kitu cha baridi, azungumze na mtu aliye karibu. Kwake zoezi la nje, kama kutembea, kuimba kwaya au kufua nguo kwa usikivu, ni salama kuliko ukimya mrefu, na maswali ya “mimi ni nani” yangoje hadi awe na mtu mwenye ujuzi wa kumsindikiza. Hospitali ya Panzi, ambayo daktari Denis Mukwege aliianzisha mwaka 1999, huwahudumia manusura kwa matibabu ya mwili, msaada wa kisaikolojia, msaada wa kisheria na wa kujitegemea kiuchumi kwa pamoja, na mpangilio huo unaeleza jambo ambalo walimu wa taamuli hulisahau: nafsi haitibiki peke yake ikiwa mwili unauma, aliyetenda yuko huru na chakula cha kesho hakijulikani.

Hapo ndipo inapojibiwa pia shutuma kwamba kutazama ndani kunawafanya watu wavumilie yasiyovumilika. Christophe Munzihirwa, askofu mkuu wetu aliyeuawa mjini tarehe 29 Oktoba 1996, alikuwa Mjesuiti, yaani alikuwa amelelewa katika uchunguzi ule wa kila siku niliousimulia, na alikuwa miongoni mwa waliosema wazi dhidi ya vita na kwa ajili ya wakimbizi wakati wengi walinyamaza. Kujichunguza hakumwambii mtu asikasirike. Kunamtaka ajue hasira yake inadai nini, na katika mkutano wa avenyu au wa shirika, ambako jambo la dhuluma linajadiliwa na kila mmoja ana lake moyoni, mtu aliyeshatenganisha haki anayoidai na kisasi anachokitamani anaweza kusema ya kwanza kwa sauti kamili na kuyaacha ya pili nje ya barua itakayosainiwa.